Barua ya Shemaya

Somo: Yeremia 29:24-32



Sote tunaipenda barua ya Yeremia kwa wahamishwa wa Babeli, ile ya kujenga nyumba, kulima na kuuombea mji. Lakini sura hiyohiyo ina barua nyingine. Shemaya, mhamishwa kama sisi, aliandika kutoka Babeli kwenda Yerusalemu akitaka Yeremia afungwe kama mwenda wazimu. Alikuwa mbali, lakini barua yake ingeweza kumwangamiza mtu.

Wakimbizi wengi hatupigi kura. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatukataza siasa ndani ya Uganda. Congo nayo, Desemba 2023, iliwapigisha kura raia walio nje katika nchi 5 tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Kwa hiyo sauti iliyobaki kwa wengi wetu ni simu. Na simu ina nguvu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, Congo ilikatiwa intaneti karibu wiki 3. Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima, Mbarara na Nakivale pamoja. Hakuna anayehangaika kuzima kitu kisicho na nguvu.

Je, nguvu hiyo tunaitumiaje? Usiku unaingia ujumbe wa sauti katika kundi la ukoo: kabila fulani wamechoma kijiji chetu. Hatumjui anayesema, wala hatujui ni habari ya mwaka gani. Unagusa mara moja, umefika Uvira, Fizi na Minembwe, ambako vijana wenye silaha nao wana simu. Asubuhi unapanga dumu lako bombani nyuma ya mama wa kabila hilohilo.

Sasa mtazameni kuhani Sefania. Barua ilimtaka amfunge Yeremia. Yeye alifanya nini? Alikwenda akamsomea Yeremia mwenyewe, masikioni mwake (mstari wa 29). Aliyeshtakiwa alisikia kwanza.

Ndugu zangu, hapa Nakivale watu wa pande zote ni majirani. Ukiletewa habari inayotaja kabila la jirani yako, mpelekee kabla hujaisambaza: "Jirani, nimepata hii. Watu wako wa kule wanasemaje?" Ikiwa ni kweli, mtalia pamoja. Ikiwa ni uongo, rudi katika kundi lilelile useme wazi kwamba umeuliza na sivyo.

Sisemi tunyamaze. Waliouawa wanastahili kusemewa, na viongozi wetu wanastahili kuulizwa. Lakini anayesema kweli haogopi kuisema mbele ya jirani yake.

Shemaya aliambiwa hatayaona mema ambayo Bwana atawatendea watu wake. Sisi tunatamani kuyaona, pamoja na watoto wetu, siku ya kurudi nyumbani. Mungu atusaidie kulinda vidole vyetu kama tunavyolinda ndimi zetu.

Amina.