Mvuvi na Mashine ya Bahati

Katika Kalundu, bandari ya Uvira, wavuvi hutoka jioni. Taa huwashwa juu ya maji meusi, wavu hushushwa, na ndagala huufuata mwanga. Usiku mmoja wavu hupanda umejaa. Usiku mwingine hupanda bila kitu. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifai, nao wavuvi hubaki nchi kavu. Hizo ndizo siku za kushona nyavu, za kulima na za kutembelea jamaa. Nazo ndizo siku ambazo kijana mwenye fedha mfukoni hupita mbele ya baa na kusikia mlio wa mashine ya bahati.

Watazamwe ndugu wawili, wanaotolewa hapa kuwa mfano tu. Wote wawili walikuwa wavuvi, na wote wawili walifuata mafundisho ya ubatizo. Yule mdogo alikabidhiwa na wenzake wa chombo franka 100,000 za kununulia kamba na mafuta ya injini. Njiani akaingia baa, akakuta mashine mbili. Hakucheza mara moja. Alisimama kitambo akizipima. Mashine moja ilikuwa imetoka kumlipa mtu. Ya pili ilikuwa imemeza fedha za watu tangu asubuhi. Kijana akawaza: «Hii imekula mno, sasa haina budi kutapika.» Akaichagua hiyo. Usiku ulipoingia, mfuko wake ulikuwa mtupu.

Kaka yake alipomwuliza habari za kamba, alijibu: «Kaka, nilikosea kuchagua mashine. Unikopeshe 20,000 tu. Kesho nitachagua vema, nitarudisha zote, wala wenzetu hawatajua.»

Kaka alinyamaza. Fedha alikuwa nazo, tena alimpenda mdogo wake. Je, alipaswa kumpa? Na lile kosa, lilikuwa kweli katika kuchagua mashine?

Mashine hufanyaje kazi

Mashine ya namna hii ilianzia Marekani. Fundi Charles Fey, mzaliwa wa Bavaria aliyehamia San Francisco, alitengeneza mwishoni mwa karne ya 19 sanduku lenye magurudumu matatu ya picha. Kengele tatu zikisimama katika mstari mmoja, sanduku lilitema fedha. Leo mashine za ukoo huo zimeenea duniani. Katika Tanzania watu huziita madubwi.

Ili kuelewa malipo yake, yafaa kuwaza mashine nyepesi. Ina magurudumu matatu, na kila gurudumu lina picha 10. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Basi kuna namna 1,000 za kusimama kwake, na kila moja ina nafasi sawa na nyingine. Kila mchezo hugharimu franka 500. Mwenye mashine amepanga hivi: namna moja hulipa 100,000; namna 10 hulipa 10,000 kila moja; namna 100 hulipa 2,000 kila moja; na namna 889 zilizobaki hazilipi kitu.

Watu wakicheza mara 1,000, fedha zinazoingia ni 500,000. Kama kila namna ikitokea mara moja, mashine hulipa 100,000, na tena 100,000, na tena 200,000: jumla 400,000. Zile 100,000 zilizobaki ni za mwenye mashine. Kwa michezo michache hesabu huyumba, na mtu mmoja aweza kuondoka na fungu nono. Lakini kwa michezo mingi hesabu hurudi karibu na mahali pake, kama maji ya Ruzizi yasivyokosa kufika ziwani. Mashine hiyo hurudisha 80 katika kila 100. Mwenye mashine haombi bahati. Hungoja tu.

Tena mchezaji hachezi mara moja akaenda zake; anachokipata hukirudisha ndani. Aliye na 100,000, akizipitisha zote mara moja katika mashine hiyo, kwa wastani hubaki na 80,000. Akizipitisha tena, 64,000, kisha 51,200, kisha 40,960, na mara ya tano 32,768. Hakuna mwizi aliyemshika mkono. Fedha zimeyeyuka kama chumvi ndani ya maji.

Je, hakuna mashine iliyo bora?

Ukweli usemwe wote: mashine hazilingani. Nyingine hurudisha 80 katika 100, nyingine 90, nyingine pungufu. Nyingine hulipa kidogo kidogo mara nyingi. Nyingine hukaa kimya sana, kisha hulipa fungu kubwa. Katika jimbo la Nevada, Marekani, sheria hudai mashine irudishe angalau 75 katika 100. Lakini mashine iliyowekwa katika baa bila ruhusa haina mkaguzi, na anayecheza hana njia ya kujua namba iliyopangwa ndani yake. Mwaka 2018, katika Kenya, mashine nyingi zilizowekwa bila kibali zilikamatwa na kuchomwa moto.

Basi, mtu aseme anaijua mashine irudishayo 90. Kwa kila franka 500 hupoteza 50 kwa wastani, badala ya 100. Ni nafuu, lakini nafuu ya namna gani? Akicheza mara 200 katika mashine mbaya, hupoteza 20,000. Akifurahia ile nzuri akacheza mara 400, hupoteza 20,000 zile zile. Kuchagua mashine ni kuchagua mwendo wa kupoteza. Njia ni ile ile.

Na lile wazo la kijana, kwamba mashine iliyokula lazima itapike? Hapo ndipo alipodanganyika zaidi. Mashine za leo zina kompyuta ndogo ndani yake itoayo namba mfululizo, upesi mno. Kifungo kikibonyezwa, namba ya wakati huo huo huamua yote, na picha zizungukazo ni mapambo tu. Namba hiyo haina kumbukumbu. Haijui nani amepoteza tangu asubuhi, wala nani ana deni, wala nani ana mtoto mgonjwa. Mashine iliyonyimana mara 100 haiko karibu zaidi na kulipa kuliko iliyolipa sasa hivi.

Kuna hila nyingine pia. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata katika Marekani hati ya kulinda ufundi wake wa kuongoza magurudumu kwa namba. Kwa ufundi huo gurudumu laweza kuonyesha picha 20, na ndani yake kuwe na namba 60. Picha ya tuzo kubwa hupewa namba moja, na mahali patupu kando yake hupewa namba nyingi. Hivyo macho huona tuzo ikisimama juu kidogo au chini kidogo ya mstari, mara kwa mara, na moyo hupiga kelele: «Nimekaribia!» Hakukaribia. Alionyeshwa tu.

Kwa sababu hiyo hiyo hirizi haifai, wala dawa ya mganga, wala kuishika medali ya Bikira Maria wakati wa kubonyeza. Anayefanya hivyo amwita Mungu awe mtumishi wa tamaa yake. Na huko ni kumjaribu Mungu, si kumwomba.

Je, ziwa nalo si kamari?

Mtu aweza kupinga hivi: «Na mvuvi je? Naye hushusha wavu gizani asijue atapata nini. Mkulima wa Sange hupanda mihogo asijue mvua. Kama kubahatisha ni dhambi, basi kazi zote ni dhambi.»

Neno hilo lina nguvu, nalo lastahili jibu. Kutojua yajayo si dhambi. Ndiyo hali ya binadamu. Lakini kuna tofauti tatu.

Ya kwanza: ziwa hufundisha. Aliyevua miaka 20 ajua mwezi, ajua upepo, ajua mahali ndagala wapitapo. Makosa ya jana humpa akili ya kesho. Mashine haifundishi kitu. Aliyecheza miaka 20 na aliyeanza leo ni sawa mbele yake, ila yule wa kwanza amekuwa maskini zaidi.

Ya pili: samaki apatikanaye ziwani ni chakula kipya mezani. Hakutolewa mezani pa jirani. Lakini fedha ambayo mashine humlipa mtu ilitoka wapi? Mashine haizai fedha. Ilitoka mfukoni mwa aliyekaa pale asubuhi: labda karo ya mtoto, labda nauli ya mama mwuza samaki. Anayeshangilia tuzo ashangilia hasara za wengi asiowaona.

Ya tatu: ziwa halina hesabu juu ya mvuvi. Hutoa na hunyima bila kupanga. Mashine imepangwa, kabla mtu hajaingia baa, ibakize sehemu yake.

Kura nayo si kamari daima. Mitume walipiga kura, na Matia akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Katika likelemba watu waweza kupiga kura kujua nani atapokea kwanza. Lakini kila mmoja atapokea kwa zamu yake, wala hakuna atokaye mikono mitupu. Kura ya namna hiyo hupanga zamu, haimnyang'anyi mtu.

Fedha ya nani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe. Yafundisha kwamba mchezo huwa mbaya unapomnyima mtu yale anayohitaji kwa riziki yake na ya wengine, na kwamba tamaa ya kucheza yaweza kumfunga mtu awe mtumwa. Basi, wazee wachezao karata kwa kujifurahisha, kwa vijisenti visivyomwumiza mtu, hawahukumiwi pamoja na yule kijana.

Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat, wataalamu wawili wa hesabu wa Ufaransa, waliandikiana barua juu ya swali la wachezaji: mchezo ukikatizwa kabla ya mwisho, fedha zilizowekwa zigawanywe namna gani kwa haki? Barua hizo zilisaidia kuanzisha elimu ya kupima bahati. Yafaa kuona kwamba swali lenyewe lilihusu haki: kila mmoja astahili nini? Ndilo swali ambalo kijana wa Kalundu hakujiuliza. Alijiuliza: «Mashine ipi?» Hakujiuliza: «Fedha ya nani?»

Zile 100,000 hazikuwa zake. Zilikuwa jasho la watu watano waliokesha katika baridi ya ziwa. Hata kama mashine ingalimlipa mara mbili, hata kama angaliwarudishia wenzake senti zote, alikuwa amekwisha kutenda kosa saa alipoweka franka 500 za kwanza, kwa maana aliihatarisha mali ya watu bila idhini yao. Kushinda kungalificha kosa, kusingaliliondoa. Na pengine kungalimdhuru kuliko kushindwa, kwa sababu angalirudi akiamini kwamba ana jicho la kuchagua.

Jibu la kaka

Kaka alimwambia: «Mdogo wangu, fedha za mashine sikupi. Kama nakupa 20,000, kesho utakuwa na madeni mawili. Twende kwa wenzetu, nami nitakaa karibu nawe.»

Kijana alilia, akasema ni afadhali avuke mpaka wa Kavimvira, aende Burundi, kuliko kusimama mbele yao. Lakini alikwenda. Alisema kweli yote, hata habari ya kuzipima zile mashine. Wenzake walikasirika sana, na mmoja akakataa kuvua naye tena. Waliobaki walikubali kwamba, mwezi ukififia, sehemu ya fungu lake ikatwe kila mara wavu utakapopanda na samaki, mpaka deni liishe.

Hakuna aliyejua deni litaisha lini, kwa maana ziwa halitoi ahadi. Lakini kila kapu lilipunguza kitu, na kilichopunguzwa hakikurudi tena. Usiku wa kwanza walipata kidogo. Alfajiri, chombo kilipofika pwani, mzee wa chombo alihesabu fedha za ndagala, akatenga sehemu ya deni, na zilizobaki akamwekea kijana mkononi mbele ya wote.

Mkatekumeni asikiaye mlio wa mashine katika siku za mwezi na ajiulize maneno matatu kabla ya kusimama: Fedha hii ni ya nani? Nikipoteza, nani atalala njaa? Nikipata, ni nani atakayekuwa amepoteza? Akiisha kujibu hayo kwa dhamiri safi, hatahitaji tena kuuliza mashine iliyo bora ni ipi.