Mgeni mpaka lini?

Tulitoka na vijana kuandika maua ya pori hapa Nakivale. Lantana ndiyo ilijaza daftari: mvua ikinyesha tu inachanua, rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja. Nikawaambia ni mgeni, imetoka bara la Amerika, inameza malisho, ng'ombe akiila anaugua.

"Kaka, na jakaranda?"

Nayo ya Amerika Kusini, ila mjini Mbarara mtu anaipanda mwenyewe, anaisifu. Basi kosa la lantana ni kile inachofanya, si kutoka mbali. Hapo nilijiona mwerevu.

Nakivale ipo tangu 1958, na huyu kijana amezaliwa humu. Akasema: "Kichaka hiki kimeota hapa hapa, na mama yake pia. Mgeni mpaka lini?"

Mstari wa "asili" tuliuacha wazi.