Juha Kalulu Akifufuliwa, Atakuwa Nani?

Mwendo mfupi kutoka mji wa Kitui limesimama Jiwe la Nzambani, mwamba mkubwa ambao wageni huupanda kwa ngazi za chuma ili waitazame nchi ya Ukambani kutoka juu. Wenyeji wana onyo moja kwa mgeni: asilizunguke mara saba. Anayemaliza mzunguko wa saba, wasema, akiwa mwanamume hugeuka mwanamke, na akiwa mwanamke hugeuka mwanamume. Wengi hucheka, kisha wakaishia njiani.

Mzaha huo umeficha swali gumu. Tuseme mtu amejitoa mhanga, akamaliza, akatokea na umbo jingine. Je, ni yule yule? Mke aliyemwacha nyumbani bado ni mkewe? Na deni la unga alilokopa dukani, nani atalilipa?

Siku hizi swali hilo limehamia kwenye televisheni. Kila mwaka kuna studio mahali fulani duniani inayochukua katuni ya zamani, iliyozaliwa kwenye karatasi ya gazeti au jarida, na kuitengeneza upya kwa kompyuta. Wale viumbe wadogo wa buluu waitwao Smurfs ni mfano mzuri. Mbelgiji Peyo aliwachora mara ya kwanza mwaka wa 1958 katika jarida la Spirou. Mwaka wa 1981 studio ya Hanna-Barbera ya Marekani ikawaingiza kwenye televisheni kwa michoro ya mkono, wakadumu hadi 1989. Peyo alifariki mwaka wa 1992. Mwaka wa 2021 wakarudi katika mfululizo mpya wa kompyuta, wakiwa wamenenepa, wana vivuli na ngozi inayopokea mwanga. Kijiji chao, ambacho kwa muda mrefu kilisifika kwa msichana wake mmoja, Smurfette, sasa kina wasichana tele. Aliyewatazama mwaka wa 1981 akikaa leo na mjukuu wake mbele ya televisheni, wanawaona viumbe wale wale?

Kenya nayo ina wazee wake wa karatasi. Yupo Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Gazeti lililokwisha kusomwa Wote au Mwingi halikutupwa: lilifunga nyama buchani, lilivalishwa daftari la mtoto, lilibandikwa ukutani mwa hoteli. Kwa njia hiyo Juha aliishi siku nyingi kuliko hotuba za mawaziri zilizochapwa ubavuni mwake. Yupo Akokhan, shujaa wa Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwake na akafa katika ajali ya matatu Aprili 2012. Zipo hadithi za picha za Pichadithi, alizozisimamia Terry Hirst katika miaka ya 1980, zilizotia ngano za jadi ndani ya vijisanduku vya wino.

Mafundi wa kuwafufua wapo. Tinga Tinga Tales, katuni iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, ilitengenezwa kwa kompyuta katika studio ya Homeboyz, Nairobi, kwa kufuata mtindo wa uchoraji alioacha Edward Said Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka wa 1972. Super Sema ikafuata mwaka wa 2021. Uwezo si tatizo tena. Kilichobaki ni kujua anayefufuliwa ni nani.

Jibu la haraka ni kuangalia mwili. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mwaka wa 2015 studio ya Blue Sky ilipomtoa Charlie Brown kwenye wino wa Charles Schulz na kumtia katika filamu ya kompyuta, mafundi walikwama kwenye kichwa chake. Schulz alimchora kwa pembe chache tu, na pembe hizo hazipatani. Akitazama mbele, pua, masikio na ule unywele wa kipajini vina mahali pake. Akitazama pembeni, vimehama. Karatasi haijali, lakini kompyuta hudai mwili mmoja unaozungukika. Mwishowe wakaamua kichwa kisizunguke taratibu, bali kiruke kutoka pembe moja hadi nyingine, kama kilivyokuwa kikiruka kutoka kijisanduku hadi kijisanduku gazetini.

Jambo hilo si la mafundi peke yao. Linaonyesha kwamba mhusika wa karatasi hakuwahi kuwa na mwili ambao sasa unarudishwa. Ndiyo mara ya kwanza anapewa. Juha naye atadai mengi ambayo wino haukumpa: mwendo, uzito wa hatua, kivuli, na zaidi ya yote sauti. Kila msomaji alimsomea Juha kwa sauti aliyoijua mwenyewe, na sauti ya msomaji wa Kibwezi haikuwa ya msomaji wa Nyeri wala wa Kisumu. Siku studio itakapomkabidhi mwigizaji mmoja kipaza sauti, sauti hizo nyingine zote zitanyamaza. Ufufuo wa namna hiyo una maziko ndani yake.

Mtu aliyelichimba swali la wafu na walio hai kuliko wengi, ingawa hakuwa akiwaza katuni, alizaliwa Mulago, Kitui, mwaka wa 1931. John Mbiti, kasisi na mwanatheolojia, alichapisha mwaka wa 1969 kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambacho bado kinafundishwa vyuoni. Humo aliugawa wakati kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Aliyekufa, alisema Mbiti, haondoki papo hapo. Hubaki ndani ya sasa kama mfu aliye hai maadamu yupo mtu aliyemjua na anayemtaja kwa jina, na hali hiyo yaweza kuendelea kwa vizazi vinne au vitano. Akifa wa mwisho kumkumbuka, ndipo anapozama katika zamani na kuwa roho isiyo na jina.

Ukimpima Juha kwa kipimo hicho, hajafa. Wako watu wazima Makueni na Kitui wanaoweza kukusimulia kisa chake wakicheka kabla hawajafika mwisho. Yuko upande wa sasa, anatajwa kwa jina. Wahusika wengine wa magazeti ya zamani, ambao hakuna tena anayewataja, ndio waliozama, na hao hakuna kompyuta itakayowarudisha. Itakayemtoa ni mtu mwingine aliyevaa nguo zao.

(Mbiti alidai pia kwamba katika fikra alizozichunguza, akitumia nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, wakati ujao hauendi mbali zaidi ya takribani miaka miwili. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, na wengine pia. Mtayarishaji wa katuni ya kompyuta anaweza kuutazama ubishi huo kwa masikitiko: kazi yake mara nyingi huchukua zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo kwa hesabu ya Mbiti anaisubiri siku ambayo haipo.)

Wakamba wenyewe hawakuwa wepesi wa kuamini ufufuo. Ngano yao ya asili ya kifo yasema Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba wakifa watafufuka. Kinyonga akafika, akaanza kueleza, akagugumia, akarudia maneno yale yale. Ndege mmoja akamkatiza na kupiga kelele kwamba watu wakifa watapotea kama mizizi ya mshubiri. Neno la ndege likawa ndilo. Utamu wa ngano hii ni kwamba ujumbe wa uzima ulikuwepo, tena ulikuwa sahihi. Aliyepewa kuufikisha ndiye hakujua kusimulia.

Wamisionari walileta ujumbe mwingine wa ufufuo, na tasnifu ya Mbiti ya Cambridge ilichunguza jinsi Wakamba walivyoupokea. Wengi waliuchukua kama ulivyotamkwa: mwili huu huu, mji wa dhahabu, moto wa kweli. Lakini Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, alijibu swali la mwili kwa mfano wa mbegu: kinachozikwa ardhini sicho umbo litakalotokea. Mkulima wa ndengu wa Kitui halihitaji somo hilo. Hakuna anayekagua mche unaochipuka baada ya mvua za Novemba akilalamika kwamba haufanani na punje aliyoifukia.

Hata hivyo mfano huo haumtoshi Juha. Punje ina uhai wake ndani, nayo huota hata aliyeipanda akiwa amelala. Mhusika wa katuni hana uhai isipokuwa kwenye mkono wa mtu. Mkono huo ukitulia, wa pili lazima uingie, na mkono wa pili una tabia zake. Mhubiri wa Makueni aweza kuhoji hapa kama mafundi hawajitwalii kazi ya Mungu, ambaye Wakamba humwita Mumbi, Muumba, na ambaye kwa masimulizi yao aliwatoa watu wa kwanza kwenye mwamba wa Nzaui, ambako nyayo zao huonyeshwa hadi leo. Hofu hiyo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Fundi wa kompyuta haumbi. Amepokea kazi ya mwingine. Kosa lake kubwa laweza kuwa la mpokeaji tu, yaani kutojali aliyempa.

Ndiyo maana jibu linalofaa zaidi halipo kwenye kaburi, lipo kwenye kumpa mtoto jina. Mbiti aliandika kwamba Wakamba walimpa mtoto jina siku ya tatu, na siku ya nne baba yake akamvisha mkufu shingoni. Kabla ya hapo mtoto alihesabiwa bado ni wa upande wa roho. Jina lenyewe mara nyingi ni la babu au la bibi, na desturi hiyo haijafa: ndiyo sababu majina yale yale huzunguka katika boma moja kizazi hadi kizazi. Hakuna anayedhani mtoto ndiye babu. Hatarajiwi kuchechemea kwa sababu babu alichechemea. Lakini mama akimkemea mtoto mwenye jina la baba yake huchagua maneno, na wazee humtania kwa heshima ambayo ndugu zake hawapati.

Katuni iliyotengenezwa upya ni mjukuu aliyepewa jina. Ukiichukua hivyo, malalamiko mengi hupoa. Si dhambi Smurfs wakiongezewa wasichana, wala Juha akishika simu badala ya bakora. La kuuliza ni kama jina limetolewa na walio na haki ya kulitoa, na kama mtoto analitunza. Watoto wa Peyo, Véronique na Thierry, walibaki na usimamizi wa kazi ya baba yao. Filamu ya Charlie Brown iliandikwa na mtoto wa Schulz, Craig, na mjukuu wake Bryan, wakishirikiana na mwandishi mwingine. Hergé aliyemchora Tintin alikataa kabisa mwingine amwendeleze, na tangu alipofariki mwaka wa 1983 hakijatoka kitabu rasmi kipya kilichochorwa na mkono mwingine. Hata filamu ya Steven Spielberg ya mwaka wa 2011 ilitegemea vitabu vyake vya zamani. Wapo wanaosema hakuna anayepewa jina lao baada yao, na kauli hiyo nayo hutiiwa.

Kwa ngano zisizo na mwandishi mambo ni mepesi zaidi. Mbiti alipochapisha mkusanyo wake wa hadithi za Akamba mwaka wa 1966, sungura na fisi walikuwa wamekwisha kufa na kufufuka mara elfu midomoni mwa mabibi. Hakuna aliyeuliza kama sungura wa Mbooni ndiye wa Mutomo. Wino ndio ulioleta ubishi huu, kwa kuwa ulimfunga mhusika kwa mkono mmoja wenye sahihi chini ya picha. Anayeigeuza ngano ya Pichadithi kuwa mfululizo wa kompyuta anarithi vyote viwili, ngano ya wote na mchoro wa mtu, na asivichanganye.

Kipimo cha Mbiti kinaleta haraka ambayo studio nyingi hazioni. Mfufuaji anahitaji watu wanaomkumbuka Juha wa gazetini, wamwambie alivyokuwa akinyanyua bega, ni mzaha upi aliokuwa akiurudia, ni upi hangeutamka. Watu hao wanazeeka. Magazeti yenyewe, yaliyobaki nje ya maktaba, yameliwa na mchwa au yamefunga nyama. Mwenye kurasa za zamani ndani ya sanduku huko Nzaui au Mwingi azitoe zipigwe picha kabla mvua hazijaanza.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa kazi ambazo haki yake ni ya Frank Odoi mwenyewe, hiyo ni hadi mwisho wa 2062. Anayetaka kumwona Akokhan akitembea kwenye kioo kabla ya hapo aanzie kwa mwenye haki, apige hodi, aombe jina, alipe, na aliandike jina la Odoi mwanzoni mwa kila kipindi, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili aweza kuzisoma kabla hazijapita.