Sadaka Yetu na Watu wa Ziwani

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu limezuka swali, na kwa kuwa wengi huuliza mfano wake, twaona yafaa tulijibu hapa. Je, yajuzu kupeleka sadaka zetu kwa watu wa Takawiri, ilhali wengi wao si Waislamu? Na ikijuzu, ipelekwe kwa namna gani?

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, baina ya Mbita na Mfangano, katika kaunti ya Homa Bay. Mchanga wake mweupe na minazi yake humdanganya mgeni akadhani yuko pwani. Lakini riziki ya watu wake ni sangara, ambaye huko huitwa mbuta, na dagaa, ambao huitwa omena. Wanaume huvua dagaa usiku kwa taa, na wanawake huwanunua na kuwaanika juani. Mvua ikishika siku mbili, dagaa huoza na mtaji wa mwanamke hupotea. Kaunti hiyo ni miongoni mwa zilizopigwa zaidi na UKIMWI katika Kenya, na mayatima wake si haba. Tena Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita alama ya 1964, yakawatoa watu majumbani mwao katika fukwe nyingi.

Kuhusu swali la kwanza, zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi wamesema kuwa hupewa Waislamu, isipokuwa wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Ama sadaka, mlango wake ni mpana. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita. Na Asmaa binti Abubakar alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mama yake aliyekuwa mshirikina, aliamrishwa amuunge. Basi mwenye kusema kuwa njaa ya asiye Mwislamu haituhusu, na alete dalili yake.

Swali la pili ndilo zito. Desturi yetu ni kungoja Ramadhani, tukagawa unga na sukari mbele ya kamera, kisha tukarudi majumbani tukiwa radhi na nafsi zetu. Maskini hula siku tatu, na sura yake ikabaki ikitazamwa mwaka mzima. Je, tumesahau kuwa Suratul Baqara, aya ya 264, yatuonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka?

Amepokea Abu Daud kuwa mtu mmoja wa Ansari alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume aliviuza vitu vyake viwili, nguo ya kutandika na chombo cha kunywea, kwa dirhamu mbili. Moja akamwambia awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni. Baada ya siku kumi na tano alirudi na dirhamu kumi.

Shoka la watu wa ziwani ni mashua. Katika fukwe hizo imejulikana desturi iitwayo jaboya, ya mwanamke kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Tusiwe wepesi wa kumlaumu mwanamke huyo, kwani mwenye chombo ndiye mwenye amri, naye hana chombo. Katika ufuo wa Nduru, upande wa Kisumu, wanawake walisaidiwa kupata mashua zao, wakawaajiri wavuvi, wakaepukana na fedheha hiyo. Kisha mafuriko ya 2020 yakawakumba.

Hapo lipo funzo. Chombo bila ya mfuko wa kukitengeneza hakidumu. Dini yetu yaijua dawa yake tangu zamani: Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Hiyo ndiyo wakfu. Kwa nini basi tusiweke wakfu mashua, nyavu na vichanja vya kuanikia dagaa, vikasimamiwa na wanawake wenyewe kwa hesabu iliyo wazi, na fungu la pato likawekwa kwa matengenezo? Wanawake wa huko wazijua hesabu, kwani huchangiana kwa zamu katika vyama vyao viitwavyo nyoluoro. Hawakungoja sisi tuwafundishe kusaidiana.

Wako watakaosema hatuna mali. Nasi twawauliza: karamu za harusi zetu hugharimiwa na nini? Theluthi ya karamu moja yaweza kumpa mjane nyavu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikubali sadaka zetu, aziepushe na ria, na atufanye wenye kutenda tuyasemayo. Amin.