Lakini ni Kweli!



Tukikatazwa kusengenya, tunajibu upesi: «Lakini ni kweli!» Basi tumtazame Doegi (1 Samweli 22). Alimwambia mfalme Sauli kwamba kuhani Ahimeleki alimpa Daudi chakula na upanga. Kweli, alimpa. Ila Doegi hakusema kwamba kuhani alidhani Daudi ametumwa na mfalme mwenyewe. Makuhani 85 wakauawa siku ile, na mji wa Nobu pamoja na watoto wanyonyao.

Nasi, tukitoka kwenye mazoezi ya kwaya, tunasema mama fulani haleti tena sadaka. Kwamba mtoto wake amelazwa hospitali, hatusemi. Pengine hata hatukuuliza. Jumapili hii asipoonekana, twende kwake kwanza, tumsalimie, tumsikilize.