Wimbo Huu Umeutoa Wapi?

Wasanii wenzangu, leo nina swali ambalo limeninyima usingizi. Mtu akikupa wimbo au hadithi, je, amekupa moja kwa moja au amekukopesha tu? Msinicheke. Mimi si mwanafalsafa. Niliishia Kidato cha Nne, na riwaya yangu imekwama sura ya sita. Lakini swali hili linatuhusu sisi sote tunaoshika kalamu, na kwangu mimi lina aibu ndani yake. Nitaieleza, lakini tuanze na muziki.

Mlinzi wa usiku wa ploti yetu hapa Nairobi ni mzee wa Kikipsigis. Ana karedio kadogo ka kutia kadi, na katika kadi hiyo mna muziki wa aina moja tu: kantri. Si ajabu. Hapa Kenya majina ya Jim Reeves, Dolly Parton na Don Williams yanajulikana hata na bibi zetu shambani, na Jumapili ukiwasha redio huwakosi. Basi usiku nikishindwa kuandika, hushuka getini na chupa ya chai, naye hunipa nyimbo zake za zamani. Mimi nampa mpya kutoka simuni. Tunabadilishana, kama watoto wanaobadilishana gololi.

Siku moja nilimwonyesha picha ya Charley Pride, ambaye amempenda tangu ujana wake. Mzee aliitazama, akanirudishia simu, akaichukua tena. “Huyu ni mweusi!” Miaka yote hiyo alidhani ni mzungu. Wala si kosa lake. Pride, mtoto wa wakulima wa pamba huko Mississippi, alipotoa sahani zake za kwanza mwaka 1966, kampuni ilizipeleka kwenye vituo vya redio bila picha yake. Ilihofia kwamba uso wake ungeuzima wimbo. Hata hivyo, mwaka 1971 alitunukiwa na chama cha muziki wa kantri cha Marekani tuzo ya mburudishaji bora wa mwaka. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanyamaza, akauliza, “Sasa kijana wangu, ni wangapi wengine waliofichwa?”

Swali hilo lilinituma kusoma. Nilikuwa na sababu nyingine pia. Nina rafiki mshairi ambaye akinikuta na nyimbo hizo hunisuta: “Mwacha mila ni mtumwa. Wazungu wa kofia kubwa wanakuhusu nini?” Nilikwenda kumtafutia jibu, nikarudi na jingine ambalo sikulitaka.

Honki tonki, msomaji, ni jina la vilabu vya pombe vya Texas na majimbo ya jirani, vilivyoshamiri baada ya marufuku ya pombe kuondolewa Marekani mwaka 1933. Makelele ya walevi na wachezaji yalikuwa mengi mno, gitaa la kawaida halikusikika. Ndipo wanamuziki wakashika gitaa la umeme, pamoja na lile la kulaza ambalo hulia kama binadamu. Maneno nayo yakawa ya wazi: mke ameondoka, mshahara umeisha, chupa imebaki. Ni muziki wa watu waliochoka, na uchovu hauna kabila.

Nyota yao kubwa ni Hank Williams, aliyezaliwa Alabama mwaka 1923. Alifariki tarehe 1 Januari 1953, kwenye kiti cha nyuma cha gari, akipelekwa kuimba Ohio. Alikuwa na miaka 29 tu. Utotoni alifundishwa gitaa na mwanamuziki mweusi wa mitaani, Rufus Payne, ambaye watu walimwita Tee Tot. Enzi hizo huko Alabama mweusi na mzungu walitengwa kwa sheria. Lakini Hank alipopata jina hakuficha. Alisema waziwazi kwamba mafunzo yake ya muziki aliyapata kwa Tee Tot.

Sasa mweke kando yake A. P. Carter wa Virginia, ambaye kundi la familia yake lilirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1927. Carter alizunguka milimani akikusanya nyimbo za kale. Alifuatana na mpiga gitaa mweusi aliyekuwa na mguu mmoja, Lesley Riddle. Kazi waligawana: Carter aliandika maneno, Riddle alishika tuni kichwani. Wakirudi nyumbani, tuni ilitoka kichwani mwa Riddle, ikaingia kwenye vidole vya Maybelle Carter, na kutoka hapo ikaingia duniani. Kwenye sahani liliandikwa jina moja: A. P. Carter. Ilikuwa miaka ya 1960 ndipo Maybelle alipomtajia Riddle mtafiti mmoja wa muziki, naye akamtafuta na kumrekodi.

Watu wawili hao wote walikula kwa mkono wa mtu mweusi. Mmoja alisema nani alimlisha. Mwingine alifuta mdomo.

Najua utaniambia: we acha bwana, wimbo ni kama maji ya mto, kila mtu anachota. Kweli kabisa. Tuni moja iliimbwa na hao akina Carter mwaka 1929 kama wimbo wa mapenzi, Roy Acuff akaiimba mwaka 1936 kama wimbo wa dini, na mwaka 1952 Hank Thompson akaitilia maneno ya kumlaumu mwanamke wa vilabuni. Mwaka huohuo Kitty Wells akamjibu kwa tuni ileile kwamba wanaume nao wana makosa yao, na akawa mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake orodha ya nyimbo za kantri. Kama tuni ingefungiwa kabatini mwa mtu mmoja, jibu la Kitty Wells tusingelisikia. Kwa hiyo sisemi watu wasichukue. Sanaa yote ni kuchukua.

Mzee ndiye aliyenifungua macho. Nilimsimulia habari za Riddle, akaniambia kwamba kwao kuna desturi ya kumkabidhi rafiki ng'ombe amtunze. Rafiki anakunywa maziwa, watoto wake wananenepa, na hakuna anayemwita mwizi. Lakini ukimuuliza ng'ombe ni wa nani, hatasema “wangu”. Akisema hivyo, hapo ndipo wizi unapoanza, ingawa ng'ombe hajasogea hata hatua moja.

Kisha akaniambia habari ya Chemirocha. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wimbo wenye jina hilo. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwao kwa santuri. Hawakumjua, hawakumwona, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Lakini angalia jambo hili, na rafiki yangu mshairi aliangalie pia: walimgeuza mwili mzima, jina wakalibakiza. Watu wa mbali kabisa walimtaja mtu waliyemsikia tu kwenye santuri, na Carter hakumtaja mtu aliyelala naye nyumba moja. Utumwa uko wapi hapo? Si katika kupenda cha mwenzio. Uko katika kupenda cha mwenzio na kujifanya hukumwona.

Sasa aibu yangu. Mwaka jana nilisoma hadithi katika mkutano wetu wa waandishi. Ilihusu mwanamke aliyesubiri treni siku tatu katika stesheni ya Molo, ana jogoo kwenye kikapu, na siku ya tatu akamchinja jogoo, akawalisha wasafiri wengine, akarudi kwao kwa miguu. Mlipiga makofi. Mmoja wenu akauliza, “Hii umeitoa wapi?” Nikajibu, “Kichwani.” Ni uongo. Niliitoa getini. Mwanamke yule ni shangazi yake mzee, na jogoo yule aliliwa kweli. Maneno yalikuwa yangu, sawa, lakini tuni ilikuwa yake.

Kwa nini nilidanganya? Nimejihoji sana. Nadhani niliogopa kwamba nikimtaja soja wa geti, hadithi itapungua thamani, kama kampuni ile ilivyoogopa picha ya Charley Pride. Aliyenifundisha hana cheti, hana kitabu, ana rungu na koti la mvua. Laiti ningeitoa kwa profesa, ningemtaja kabla sijaulizwa. Hapo ndipo kipimo kilipo, ndugu zangu. Kumtaja mkubwa ni kujisifu. Kumtaja mdogo ndiko kulipa deni.

Kuna pingamizi mbili, nami sitazikimbia. Ya kwanza: nani alimfundisha Tee Tot? Na huyo naye nani alimfundisha? Mnyororo hauishi. Kweli, lakini mimi sidaiwi mnyororo mzima. Nadaiwa pete niliyoishika kwa mkono wangu. Ya pili ni nzito zaidi: jina halinunui unga. Rufus Payne alifariki fukara huko Montgomery mwaka 1939, kabla Hank hajawa mtu, na sifa zilizokuja baadaye hazikumshibisha. Hilo sina la kulijibu kikamilifu. Ninachoweza kusema ni kwamba kulipa huanza kwa kutaja. Mwaka 2023 Luke Combs, kijana wa kantri, aliurudia wimbo wa Tracy Chapman wa mwaka 1988, “Fast Car”, bila kuficha umetoka wapi. Chapman, mwenye haki ya utunzi, akatunukiwa tuzo ya wimbo bora wa mwaka na chama kile kile kilichomtuza Pride, mweusi wa kwanza kuipata kwa utunzi. Februari 2024 wakasimama jukwaa moja kwenye sherehe za Grammy, wakaimba pamoja. Mzee aliutazama mkanda huo simuni mwangu mara tatu. Alisema tu, “Ng'ombe ameonyeshwa mwenyewe.”

Mpaka leo sijamwambia kuhusu makofi yenu. Kila usiku nabeba chai, naahirisha. Toleo hili likitoka, nakala ya kwanza nitaipeleka getini. Mzee anasoma Kiswahili vizuri kuniliko. Atafika kwenye habari za jogoo na ataelewa. Pengine atakasirika, pengine atadai sehemu ya riwaya, na sijui nitampa nini. Lakini mkutano ujao nitaisoma upya ile hadithi, na kabla ya sentensi ya kwanza mtasikia jina lake.

Na wewe mwenzangu, ile hadithi yako nzuri, umeitoa wapi?