Ujira wa Palizi

Kwetu Mwandoya, mkoani Simiyu, aliyepalilia pamba ana neno siku ya mavuno, hata kama shamba si lake. Mjini kanuni hiyo huishia mlangoni kwa dalali.

Mtaa wa Dar es Salaam haupendezi kwa lami na rangi pekee. Kinyozi, mama ntilie na fundi cherehani ndio wanaoufanya upendwe. Ukishapendwa, kodi inapanda, na wao ndio wa kwanza kufungasha. Anayeingia ni mtu kama mimi, mwanafunzi wa uzamili mwenye kodi ya miezi sita mkononi.

Mwenye nyumba atasema tofali ni zake. Ni kweli. Lakini sifa ya mtaa hakuijenga peke yake.

Magomeni Kota, kaya 644 ziliondolewa, nyumba za zamani zikabomolewa; maghorofa yalipozinduliwa Machi 2022, hao ndio waliotangulizwa. Hapo mwenye nyumba alikuwa serikali. Mwenye nyumba wa kawaida hawezi kudaiwa ghorofa. Anaweza kudaiwa muda: taarifa ya mapema, na nafasi ya kwanza ya kubaki kwa bei mpya. Hiyo si fadhila. Ni ujira wa palizi.